Milango Iliyofunikwa

Mtu akija kuniambia tena kwamba Isuna ni jengo lenye adabu, nitamjibu vibaya na asinilaumu. Mimi ndiye mtunza njia wa hilo jengo. Kila kiti kinachomchukua mgeni ukumbini na kumfikisha kwa mwenyeji wake hupita njia nilizozichora mimi na wenzangu, na kila kiti kinachomrudisha mgeni palepale alipotoka, nacho kinafuata amri zetu. Adabu naijua, mama yangu alinifunza kwa fimbo. Ile ya Isuna ni kitu kingine kabisa.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha Ukumbi wa Wageni, kile ambacho sisi tunawaona wao hawatuoni, nikimtazama mama mmoja wa Kisukuma akiomba radhi kwa mashine.

"Samahani mwanangu," alikiambia kibao cha anwani. "Nimekosea tena. Macho haya!"

Hakuwa amekosea. Aliandika anwani ileile ya jana na juzi, akiinakili kutoka kwenye pindo la kanga yake, alikokuwa ameidarizi kwa uzi mwekundu ili isimpotee safarini. Kisha akakaa kitini, akapakata mfuko wake wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Kiti kikamfunga mkanda, kikaingia kwenye korido, kikapinda, kikapanda, kikapita mbele ya milango mingi iliyofungwa, kikashuka, kikamtoa upande wa pili wa ukumbi uleule.

"Karibu Isuna," ikasema sauti ya jengo, sauti tamu ya kike, utadhani anakuandalia chakula. "Unakwenda wapi?"

Mama akashuka huku anatabasamu, akidhani amefika. Akatazama huku na huku kumtafuta mtu wa kumpokea. Kisha akaliona benchi alilokuwa amelikalia asubuhi.

"Loh," akasema, na tabasamu likaisha.

"Ngoja nikusaidie, mama," akasema mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama, na alikuwa na sauti ya mtu wa kwaya. "Nisomee, nikuandikie mimi."

Akamwandikia polepole, kwa heshima zote. Kiti kikamchukua mama, kikamzungusha, kikamrudisha. Karibu Isuna. Unakwenda wapi?

"Pole, mama. Hawa watu hawana utu," yule mwanamume akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Kisha akakigeukia kioo changu, akainama kidogo. "Shikamoo, mama mtunza njia! Najua upo hapo."

Sikuitikia. Sijawahi kumnyima mtu marahaba maishani mwangu, lakini huyo nilimnyima kila alipoamkia.

Jina lake Kassian. Yeye hakutuambia, maana Isuna mgeni haulizwi jina. Nilimjua kwa picha aliyonionyesha mkewe, Editha, siku tulipompokea akiwa hasikii tena kwa sikio la kushoto. Makofi ya huyu huyu mwenye shati jeupe. Editha sasa anaishi ndani, anapika chapati jiko kuu, na mlango wake umefunikwa. Wenyeji wanaufikia kama mlango mwingine wowote. Mgeni akiandika anwani yake, hata kama ni sahihi, kiti kitamzungusha na kumrudisha ukumbini, na sauti itamkaribisha upya.

Kassian hakujua kama Editha yumo. Alikuwa anabahatisha. Kila siku aliandika anwani za milango, korido kwa korido, kama mtu anayepalilia shamba, na kila aliporudishwa alinywa funda la chai na kuandika inayofuata. Alikuwa anangoja mlango mmoja tu ujikwae.

Na kumfukuza nisingeweza. Wageni wote, wasio na akaunti ya mwenyeji, ni sawa mbele ya Isuna, hawana jina wala sura. Nikimzuia yeye peke yake, nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba kuna kitu chake humu.

*

Bwana Elisante, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini kwake mchana ule. Nilipoingia hata kiti hakunionyesha.

"Wageni wanalalamika, Nyamizi. Wanasema tunawazungusha kama mbuzi mnadani. Mtu anakosea anwani, haambiwi amekosea. Anapandishwa, anateremshwa, anaambiwa karibu. Karibu gani hiyo?"

"Ndivyo waasisi walivyotaka."

"Waasisi wamekufa! Mwenyeji akikosea, anaambiwa: mlango huu haupo, au umehamia mahali fulani, au huna ruhusa nao. Anaelezwa vizuri na anapewa mtu wa kumsaidia. Kwa nini mgeni asiambiwe? Nataka waambiwe. Anwani haipo, aambiwe haipo. Kuna ugumu gani?"

"Ugumu upo. Nisikilize."

"Nakusikiliza."

Nikamweleza, kwa mara nyingine, maana huyu bwana vitu vya njia huvisahau akishapata chakula cha mchana. Waasisi wa Isuna walikuwa watu wa mwambao, waliolelewa kwamba ukibisha hodi kwenye nyumba ya mtu hupigwi "hakuna" usoni. Walipofika kwenye swali la mgeni aliyekosea mlango, wakaona aibu kumwambia. Wakaona heri wamtembeze kidogo, apate upepo, kisha waanze naye upya. Walifanya vile kwa ukarimu tu. Hawakuwa na nia nyingine.

Miaka ikapita, Isuna ikaanza kupokea watu waliokimbia. Mashahidi, wake za watu, watoto waliotoroshwa. Hapo ndipo mafundi walipogundua kwamba ule ukarimu wa wazee ni ukuta. Mgeni anaweza kukosa mlango kwa sababu haujawahi kuwepo, au kwa sababu ulikuwepo ukafutwa, au kwa sababu upo lakini umefunikwa. Kwa mgeni yote hayo yanafanana. Kiti kilekile, kona zilezile, upepo uleule. Hata muda wa safari tuliusawazisha, kwa sababu zamani kiti kilikuwa kinasita kidogo kikikuta mlango uliofunikwa, kinaulizia ruhusa, na kuna mtu aliyeigundua ile hatua ya kusita. Aliyekuwa nyuma ya mlango huo sasa ni marehemu.

"Kwa hiyo siku utakayomwambia mgeni mmoja haipo," nikamalizia, "kila ambaye hujamwambia haipo atajua ipo. Yule mwenye shati jeupe kazi yake itakuwa imekwisha kabla ya saa sita."

Elisante akagusa meza yake, picha ya ukumbi ikajitokeza juu ya mbao. Mama wa Kisukuma alikuwa anapanda kiti tena na mfuko wake.

"Na huyu anamtafuta nani?"

Nilikuwa nimeshatazama. Wiki nzima nilikuwa najua na sikumwambia mtu.

"Masunga Lutonja. Fundi wa mapangaboi ya paani. Alianguka masika iliyopita. Tulimzika wenyewe bustani ya nyuma. Hakuwa ameandikisha ndugu, kwa hiyo hakuna aliyepelekewa habari. Mlango ukafutwa kama inavyofanyika mtu akifa."

"Na huyo ndiye mama yake."

"Ndiye."

"Na anazungushwa."

"Anazungushwa."

Nilidhani atanionea huruma. Mtumee! Yule bwana akaegemea kiti chake na kunitazama kama mtu aliyekamata mwizi wake wa kuku.

"Sasa sikiliza wewe. Mimi nilitaka kusema, wewe umenikatalia kwa maneno mengi. Umenishinda, sawa. Lakini usije ukashuka pale ukamnong'oneza huyo bibi ili ulale usingizi mzuri. Ama tunawaambia wote, ama haambiwi yeyote. Chagua moja ubaki nalo."

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu hakuwa amekosea hata neno.

*

Jumamosi ndiyo siku ya Editha kunisuka. Tulikaa stoo ya unga, nyuma ya jiko kuu, mimi kwenye mkeka, yeye kwenye gunia, magoti yake yamenibana mabega. Aliniambia hana muda wa mitindo, atanipiga twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma ya haraka haraka, na mimi nikamwambia kwa kichwa hiki chenye mvi hata hiyo ni heshima kubwa.

"Yupo bado?" akauliza. Aliuliza hivyo kila Jumamosi.

"Yupo."

"Na shati jeupe?"

"Na shati jeupe."

"Analipiga pasi mwenyewe. Mimi nilikuwa siruhusiwi kuligusa." Akavuta nywele hadi nikaguna. "Akilimaliza kulipiga pasi ndipo alipokuwa ananiita."

Nilipaswa kunyamaza. Mimi mdomo wangu na moyo wangu havijawahi kukaa mbali. Nikamsimulia habari za mama Masunga, kanga yenye anwani, michembe, samahani mwanangu nimekosea tena. Vidole vya Editha vikasimama kichwani mwangu.

"Unataka kumwambia," akasema.

"Sijasema nataka."

"Unataka. Usimwambie, dada Nyamizi."

"Editha, mtu amebeba chakula cha marehemu mikononi mwake! Kila siku anapanda nacho kitini, anashuka nacho."

"Nimesikia. Usimwambie. Si wewe uliyenieleza, siku ile nimeingia hapa hata kukaa siwezi? Ukasema, haambiwi mtu, ndiyo maana hakuna atakayejua. Nikakuamini. Usiku ule ndio nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu niolewe."

"Nitamwita pembeni. Nani atajua?"

"Kassian atajua. Wewe unafikiri yule anangoja kusikia? Yule akikutazama mabega tu anajua umemficha nini. Nimeishi naye mimi."

"Yule ni mama wa mtu!" Nilipandisha sauti, sikatai.

"Na mimi ni mtoto wa mtu."

Akatupa kitana kwenye unga, akanyanyuka, akaenda kugeuza chapati zake. Nilimngoja arudi. Hakurudi. Nikafunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa upande mmoja na upande mwingine umesimama kama kichaka, nikaondoka.

*

Nilikusudia kumtii. Naapa. Nilirudi nyuma ya kioo changu na nikakaa na mikono yangu mapajani, nikamwacha mama Masunga azungushwe.

Ila alipoteremka safari ile hakuomba radhi kwa kibao. Alikiegemea, akakisogelea mdomo karibu kabisa, kama anayemsemesha mtu sikioni, na kwa kuwa ukumbi una vinasa sauti, nilimsikia kila neno.

"Mwambieni Masunga mimi sina kinyongo. Kama ni yale maneno ya mwaka jana, ya yule mwanamke, nimeyaacha. Amwoe. Mwambieni asinifungie mlango. Mimi ni mama yake, nikikosa nimekosa, lakini asinifungie mlango."

Kumbe hakuwa anadhani amekosea anwani tena. Alidhani mwanawe yuko mle ndani, amekaa kitandani, anamsikia na anamkataa. Adabu yetu ndiyo iliyomwambia hivyo.

Nikatoka. Sikufikiria Elisante wala Editha. Nilipita mlango wa wafanyakazi, nikamwendea mama nikamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unakaa humu? Unamfahamu Masunga?"

"Njoo huku nyuma tuzungumze."

Nikamwongoza kwenye mlango nilioutokea. Mlango ukagoma. Ulimwona mgeni asiye na anwani, na mlango wa Isuna haumfungukii mgeni asiye na anwani, hata akiwa ameshikwa mkono na mtunza njia. Mimi mwenyewe niliuandikia hivyo. Nikausukuma kwa bega na kuutukana, wala haukujali.

Basi ikawa ni palepale ukumbini. Nikamchukua hadi benchi la mwisho, kwenye kona, nikajiambia nitasema kwa sauti ya chini na hakuna atakayesikia. Na kweli hakuna aliyesikia. Hata mama Masunga mwenyewe sijui kama alisikia.

Kwa sababu mtu haambiwi msiba akiwa wima. Hilo halifundishwi, unalikuta mwilini. Kabla sijafungua mdomo mikono yangu ilikuwa imeshamkalisha. Ilikuwa imeshamtoa mfuko mapajani na kuuweka chini. Nilikuwa nimeshamwomba mwanamke wa benchi la pili maji, nimeshapiga magoti sakafuni mbele ya mama wa watu, na nimeshamshika viganja vyote viwili. Mama akanitazama vile nilivyopiga magoti.

"Yesu wangu," akasema. "Lini?"

Yule mwanamke wa maji alikuwa ameshaelewa. Aliweka gilasi chini, akaja kumshika mama kwa nyuma asije akaanguka. Mwingine akajitanda kanga kichwani. Mwingine naye. Benchi hadi benchi wanawake walikuwa wanasimama, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kitu. Mama Masunga alipotoa sauti, sauti ile iliwakuta wote wako tayari.

Mimi nikalia naye. Sikujali tena nani ananiona. Ndipo nikainua uso, nikamwona Kassian amesimama na kikombe chake cha chai. Hakuwa anamtazama mama, alikuwa ananitazama mimi.

Alikuja, akainama, akampa mama pole kwa sauti nzuri kuliko wote. Kisha akachuchumaa kando yangu, karibu hadi nikainusa ile pasi kwenye shati lake.

"Kumbe mtu akiwa hayupo, mnatoka," akasema polepole. "Mnamkalisha mwenzenu, mnampa maji, mnamwambia. Vizuri sana. Ni utu huo." Akanywa chai. "Sasa mimi nimekaa hapa siku zote hizi, mama mtunza njia. Mbona mimi hujanikalisha?"

Neno lilikuwepo. Wako pia hayupo, pole sana. Dakika ile ile, na machozi yaleyale usoni, ningelisema na labda angeamini. Nilifungua mdomo na neno halikutoka.

Akatabasamu. "Ahsante, mama. Nilikuwa natafuta hilo tu."

Akanyanyuka. Akaweka kikombe juu ya kibao cha anwani, akapaza sauti ya kwaya hadi ikajaa ukumbi mzima, juu ya kilio cha watu:

"Editha! Mke wangu! Najua umo!"

*

Siku zile hakuandika anwani nyingine. Alikaa tu, ameuelekea mlango ambao wenyeji hutokea, miguu ameinyoosha. Kila mwenyeji aliyetoka alisalimiwa naye na kuulizwa kama anamfahamu mwanamke mmoja mwenye kovu shavuni. Siku moja mtu angejibu. Watu wanapenda kujibu mtu mwenye salamu nzuri.

Elisante alinitukana, nami nikamwacha anitukane. Nilimwambia kuanzia sasa kila mgeni atakayerudishwa, awe nani, atakalishwa, atapewa maji, ataambiwa hayupo, iwe kweli au uongo, wote mtindo mmoja. Akaniuliza kwa nini sikulifikiria hilo wiki iliyopita.

Mama Masunga alitaka kuliona kaburi. Kaburi la mtu aliyefutwa halina anwani, kiti hakiwezi kumpeleka, kwa hiyo nilimzungusha kwa miguu nje ya jengo, hadi geti la nyuma ambako magari ya mboga huingilia. Bustani ile ni ya nyanya na mchicha, na makaburi yako mwisho, karibu na uzio. Alikaa chini muda mrefu. Alimwagia Masunga viganja kadhaa vya michembe juu ya udongo, kisha akafunga mfuko vizuri, mtu asiyetupa chakula.

Editha alikuwa amesimama kando ya gari la mboga na begi lake. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba huko nyuma kuna njia. Hakunitazama.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza, na nilipojisikia nimesema maneno ya ile sauti ya ukumbini nikataka kuyameza.

"Sijui."

Mama Masunga akageuka pale alipokaa. "Wewe ndiye uliyekuwa unaitwa na yule mwanamume?"

Editha akaligeuza sikio lake zima. "Shikamoo, mama. Ndiyo mimi."

"Aliniandikia anwani kila siku, nikamwombea baraka. Nikimshika mkono alikuwa ananitoa kidole kimoja kimoja, hivi, anachukia kuguswa na mzee. Nikasema moyoni, huyu hakuja kutafuta mtu wa kumpenda." Akanyanyuka kwa kujishika kiuno. "Nimeambiwa habari za mwanangu, na wewe ndiye uliyelipishwa. Siyo?"

Editha akaweka begi chini.

"Unajua kupika nini?"

"Chapati, mama."

"Kwetu ni ugali na mlenda. Utajifunza. Mikono unayo."

"Kwenu ni wapi?"

"Hakuna kibao kitakachokufikisha. Hata mimi nikimwelekeza mtu huwa anapotea. Ukishuka pale kwenye..."

Nikaziba masikio. Nilibonyeza viganja kwa nguvu hadi nikasikia damu yangu inavyokwenda, nikaufuata kwa macho mdomo wa mama unavyosimulia vilima na mito, na sikupata hata neno. Nisichokijua Kassian hataweza kukisoma mabegani mwangu.

Walipanda juu ya makreti matupu, mama mbele, mfuko wa michembe kati yao. Nilitoa mikono masikioni nikidhani Editha atasema kitu. Hata kwaheri tu. Dereva akawasha gari. Editha alinitazama kichwani, ule upande aliousuka na ule aliouacha, kisha akageuka akatazama mbele. Haki yake.

*

Nikarudi ukumbini moja kwa moja, bila kitambaa, na kichwa changu cha nusu kwa nusu. Watu wakanicheka, wacha wacheke.

Kassian aliponiona nakuja aliirudisha miguu yake chini ya benchi.

"Shikamoo, mama mtunza njia."

"Marahaba," nikamwitikia, kwa mara ya kwanza.

Nikaomba maji, yakaletwa. Nikakitoa kikombe mkononi mwake nikakiweka chini. Nikapiga magoti sakafuni mbele yake, mbele ya yule mtu, nikamshika viganja vyote viwili, na nikamhisi anavyotaka kuvitoa, kidole kimoja kimoja.

"Pole, mwanangu," nikasema. "Unayemtafuta hapa hayupo."

Nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nimempoteza Editha kwa mdomo wangu mwenyewe, na stoo ya unga Jumamosi ingekuwa tupu, na nilitetemeka kwa hilo, sikuweza kuzuia. Kassian akanichunguza mabega. Akayachunguza kwa utulivu, mtu mwenye ujuzi wake, hadi uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Umejifunza haraka," akasema. "Lakini unaogopa, mama. Ungekuwa unasema kweli ungeogopa nini?"

"Hayupo," nikarudia. "Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, Editha hayupo ndani ya jengo hili."

"Hadi kwa kaburi unaapa!" Akacheka hadi akapiga goti. Akavitoa viganja vyake, akajifuta kwenye suruali, akainuka kukiendea kibao. Aliandika anwani ya korido aliyoishia, mlango unaofuata. Kiti kikamfunga mkanda, kikamchukua, kikapinda naye, kikampandisha na kumshusha, muda uleule, upepo uleule, kikamrudisha.

"Karibu Isuna," sauti ikamwambia. "Unakwenda wapi?"

Yuko pale hadi leo. Kila asubuhi natoka, nampigia magoti, namwambia ukweli, na kila asubuhi anacheka na kupanda kiti, huku mahali alipo Editha pakizidi kuwa mbali. Siku akiniamini ataondoka kwenda kumtafuta kwingine, kwa hiyo kila asubuhi nahakikisha natetemeka. Hilo halinipi taabu. Upande mmoja wa kichwa changu bado haujasukwa, na sijamtafuta mtu wa kuumalizia.